Namna ya kulinganisha maduka ya aiskrimu Kigoma mjini

Mgeni anayehamia Kigoma kikazi au kimasomo huelekezwa mapema wapi apate dagaa safi na wapi migebuka inachomwa vizuri. Kuhusu aiskrimu anaachiwa jibu moja tu: "Zote ni zile zile." Sivyo. Kati ya Barabara ya Lumumba, Mwanga, Gungu na Ujiji, koni mbili za bei moja zinaweza kupishana uzito sana, na moja kati yake ikawa imeshayeyuka na kuganda upya kabla hujainunua. Tofauti hizo zinapimika, na vifaa vyake karibu vyote viko jikoni.

Kabla ya yote, shika hili: hapa Kigoma duka la aiskrimu hupimwa kwa friza lake kwanza, ladha baadaye. Aiskrimu nyingi ya kiwandani imetoka mbali. Reli peke yake kutoka Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, na kwa barabara ndiyo kabisa. Kila mzigo unaposhushwa, kila umeme unapokatika, kila mfuniko wa friza unapoachwa wazi kwenye joto la saa nane mchana, aiskrimu inapoteza ulaini ambao haurudi hata ukiigandisha vipi. Ndiyo maana kopo la kiwanda kile kile linaweza kuwa laini duka hili na kuwa na chembe za barafu duka la pili yake. Ukitafuta duka zuri, unatafuta watu wanaojua kulinda baridi.

Usichanganye aina

Koni ya mashine hutoka ikiwa nyuzi 5 hadi 8 hivi chini ya sifuri, na ndiyo sababu ni laini na huanza kudondoka ukiwa bado unasubiri chenji. Ya kuchota hutunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na huchoteka vizuri ikifika kati ya 12 na 15. Ukizilinganisha hizi mbili, ya mashine itaonekana tamu zaidi kila mara, kwa kuwa ulimi uliopigwa na baridi kali hausikii sukari sawasawa.

Za vijiti na vikombe vidogo vya kiwandani, zile zinazouzwa pia na vijana wa baiskeli, ni kundi la tatu. Hapo mapishi ni yale yale kila mahali, kwa hiyo unalinganisha utunzaji tu. Halafu kuna barafu za mifuko za ubuyu, ukwaju, maembe na maziwa zinazotengenezwa majumbani. Hizi zina raha yake na zina mafundi wake, ila hazikukorogwa ziingie hewa wakati wa kuganda, na ukizipima kwa vigezo vya aiskrimu utazionea. Linganisha barafu na barafu.

Vya kubeba

Chukua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kikombe cha plastiki cha mililita 250, chujio la chai la waya, glasi nyembamba, na simu kwa ajili ya saa na picha. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula kikipatikana ni bora zaidi, lakini kazi haikwami bila hicho. Ongeza maji ya kunywa yasiyo ya baridi na kipande cha mkate mkavu cha kusafishia ulimi. Maji ya baridi yanautia ulimi ganzi, ukaonja duka la pili ukiwa husikii kitu.

Nenda saa nne asubuhi au saa kumi jioni, tumbo likiwa halina njaa wala shibe, na usiwe umetoka kula pilipili au kunywa kahawa. Maduka matatu kwa siku ndiyo mwisho.

Kila duka lifikie mara tatu, na siku zisifanane. Siku ya kwanza iwe ya kazi, wateja wachache. Ya pili iwe Jumapili jioni watu wakiwa wamejaa. Ya tatu iwe siku inayofuata siku ambayo umeme ulikatika kwa saa nyingi. Hiyo ya tatu ndiyo inayosema ukweli wa friza. Ile ya Jumapili inasema ukweli wa mashine: foleni ikiwa ndefu, mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda bila kupata muda wa kuganda, na koni inatoka kama uji. Siku ya wateja wachache kosa hugeuka. Mchanganyiko unazungushwa ndani kwa muda mrefu mno, mafuta ya maziwa yanaanza kushikana kama siagi, na unakutana na vipunje vya mafuta vinavyoteleza mdomoni. Mwenye mashine anayejua kazi yake huiweka katika hali ya kusubiri wateja wanapopungua.

Agiza vanila

Chokoleti, stroberi na sosi za juu huficha maziwa yaliyochakaa na unga wa zamani. Vanila haifichi. Hata kama huipendi, ndiyo kipimo chako katika kila duka; ladha nyingine utakula baadaye kwa raha zako.

Maneno yawe ya kawaida: "Habari za kazi, dada. Naomba vanila tupu, kwenye kikombe hiki, bila sosi, unijazie hadi ukingoni." Kama anayeuza ni mama mtu mzima, anza na shikamoo, na mweleze mapema kwamba utapima, kusudi asidhani unamtafutia kosa. Nenda wakati hana foleni. Wengi hufurahi mtu anapochukulia kazi yao kwa uzito, na wapo watakaotaka kujua mizani inasemaje.

Uzito, bei na hewa

Pima kikombe kitupu, kisha kilichojaa, toa. Gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 100. Kwa mfano, koni ya shilingi 1,000 yenye aiskrimu gramu 70 inakugharimu takriban shilingi 1,430 kwa gramu 100. Kikombe cha shilingi 1,500 chenye gramu 130 ni takriban shilingi 1,150. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Kwa koni, omba koni tupu moja uipime kwanza, maana uzito wake hutofautiana kwa aina.

Uzito huo huo unakuambia kuhusu hewa. Aiskrimu bila hewa ingekuwa jiwe, kwa hiyo hewa si wizi. Swali ni kiasi. Mchanganyiko kabla ya kugandishwa huwa na karibu gramu 1.1 kwa kila mililita, yaani kikombe cha mililita 250 kingebeba gramu 275. Kama chako kilichojazwa bila mapengo kina gramu 190, toa 190 kwenye 275, gawa kwa 190: hewa imeongeza ujazo kwa karibu asilimia 45. Kama kina gramu 140, ni asilimia 96, maana yake karibu nusu ya ulichonunua ni hewa. Koni za mashine mara nyingi huwa kati ya asilimia 30 na 60. Ya kuchota ikigonga 100 na bado inauzwa bei ya juu, duka hilo lina maswali ya kujibu.

Huna mizani? Jaza kikombe, acha iyeyuke yote, subiri povu lishuke kabisa, kisha mimina kwenye chombo chenye alama za mililita. Kikombe cha 250 kilichobakiza 130, hewa ilikuwa imeongeza ujazo wake kwa asilimia 92. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa kwa sababu povu lina ukaidi, na aiskrimu iliyokaa kwenye joto muda huo wote usiile, imwage.

Kinachosikika kwenye ulimi

Hapa usiwe na haraka. Weka kijiko kimoja kidogo mdomoni, kibane taratibu kati ya ulimi na kaakaa, usitafune.

Chembe zinazokwaruza na kutoweka mara moja huku zikiacha baridi kali ni barafu. Zimetokana na joto kupanda na kushuka: chembe ndogo zinayeyuka, na baridi ikirudi maji yake yanagandia kwenye chembe kubwa, nazo zinazidi kukua. Zikipita karibu sehemu ya 20 ya milimita moja, ulimi unazihisi. Hakuna friza linaloweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Chembe zinazobaki kama mchanga hata baada ya aiskrimu kuyeyuka ni kitu kingine. Hiyo ni sukari ya maziwa iliyojitenga, na hutokea pale mtengenezaji alipozidisha maziwa ya unga au kopo lilipokaa muda mrefu kwenye friza lisilotulia. La kwanza ni kosa la utunzaji. La pili linaweza kuwa la mapishi. Yaandike tofauti.

Macho nayo yana kazi. Fungua kopo uangalie upande wa ndani wa mfuniko: theluji nene pale ni maji yaliyotoka kwenye aiskrimu yenyewe. Angalia ukingo: aiskrimu iliyojivuta ikaachana na kuta za kopo imepoteza hewa. Za vijiti, zishike juu ya karatasi. Kijiti kilichopinda pembeni, umbo lililolalia upande mmoja, au sukari inayonata kwenye mshono wa karatasi, vyote vinasema iliwahi kulainika ikiwa imelala. Usiinunue hata kama sasa ni ngumu kama tofali.

Kisha litazame friza lenyewe. Mengi ya dukani yana mstari ndani unaoonyesha mwisho wa kupanga bidhaa. Zilizorundikwa juu ya mstari huo hazipati baridi ya kutosha. Omba ya chini. Na nusa. Mafuta ya maziwa hubeba harufu kuliko chakula kingi, na katika mji wa samaki kama huu si ajabu kukuta aiskrimu imelazwa jirani na migebuka. Friza linalotunza vyote viwili liondoe kwenye orodha bila kuonja.

Umeme ukikatika, friza lililojaa na lisilofunguliwa huhifadhi baridi kwa karibu saa 48, lililojaa nusu karibu saa 24. La kioo linalofunguliwa kila dakika halifiki huko. Muuzaji akikuambia, "Kaka, leo sifungui mpaka umeme urudi," usimnunie. Mpe alama za juu, maana huyo anatunza mali ya mteja wa kesho.

Kuyeyusha kwa makusudi

Weka gramu 100 za aiskrimu ya kuchota kwenye chujio juu ya glasi, kivulini, mbali na feni. Andika dakika ya tone la kwanza, kisha pima kilichodondoka dakika ya 10 na ya 20. Fanya maduka yote mahali pamoja na saa moja ya siku, kwa kuwa joto la asubuhi na la alasiri ni vitu viwili. Hakuna dakika ya kufaulu na ya kufeli, unatafuta tofauti.

Kuna watu huamini inayochelewa kuyeyuka ndiyo bora. Hapana. Inayosimama na umbo lake muda mrefu na kuacha kitu kama sifongo ina hewa nyingi, au vikamatishi vingi, yaani vitu vya kuishikiza isitengane, kama guar na karagini. Si sumu, ila usilipie bei ya krimu kwa ajili ya hivyo. Inayotoa maji maangavu kwanza na maziwa baadaye imetengana, na mara nyingi ni ile iliyoyeyuka na kugandishwa upya, au ambayo haikuchanganywa vizuri. Vipande kama vya mtindi vinaonyesha protini ya maziwa imekatika, ama kwa tunda lenye asidi ama kwa maziwa yaliyokuwa yameanza kuchacha.

Mwisho, chovya kijiko kwenye iliyoyeyuka na uonje ingali na ubaridi kidogo. Sukari iliyokuwa imefichwa na baridi inajitokeza, na ladha ya boksi ya maziwa ya unga ya zamani nayo haina pa kujificha.

Mafuta na matunda

Mkoa huu wa michikichi hauhitaji kufundishwa kuhusu mawese. Aiskrimu nyingi za bei nafuu duniani hutumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa au ya nazi badala ya mafuta ya maziwa, na hakuna ubaya mradi imeandikwa na bei inalingana. Marekani, kwa mfano, bidhaa haiitwi aiskrimu bila angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa. Soma orodha ya viambato kwenye kopo. Pasipo maandishi, meza kisha pitisha ulimi kwenye kaakaa. Mafuta ya maziwa huyeyuka kwa joto la mwili na kuondoka. Utando kama wa nta unaokataa kutoka mara nyingi ni mafuta ya mimea mazito.

Kwa maduka yanayotengeneza ya matunda, nanasi ndilo mtihani. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na aiskrimu yake hugeuka chungu ikikaa. Fundi anayelijua hilo hulichemsha nanasi kwanza, akaacha lipoe, ndipo akachanganya. Ukikuta aiskrimu ya nanasi isiyo na uchungu hata siku ya pili, umepata mtu wa kazi.

Usafi hauna alama

Usafi ni mlango: duka linapita au halipiti. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na ikilegea vinaamka. Mkoa ambao mwaka 2015 ulishuhudia kipindupindu pale Kagunga unajua maji machafu yanavyoua. Unga wa aiskrimu ya mashine huchanganywa na maji, kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: "Maji ya kuchanganyia mnayachemsha?" La pili: "Mashine mnaifungua na kuiosha lini?" La tatu: "Mchanganyiko unaobaki usiku mnaupeleka wapi?"

Sikiliza namna ya jibu. Anayesema, "Tunafungua kila tukifunga, tunatoa mipira yote, tunasugua, tunapitisha dawa, asubuhi tunasuuza," anaifanya. Anayesema "huwa tunasafisha" na kugeukia simu, inama kidogo uangalie chini ya mdomo wa mashine. Maziwa ya njano yaliyokaukia pale yanatosha kukurudisha mlangoni. Kwenye aiskrimu ya kuchota, angalia jagi la kuchovya kijiko: maji meupe ya vuguvugu yaliyokaa tangu asubuhi ni mahali vijidudu vinapenda. Maji yabadilishwe mara kwa mara, au kijiko kioshwe kwa maji yanayotiririka. Na mkono uliopokea noti usishike koni bila karatasi. Kwa bidhaa za makopo, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho visomeke. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika hilo.

Kuonja bila kujua duka

Macho hudanganya ulimi, na jina la duka hudanganya zaidi. Kwa aiskrimu ya kuchota unaweza kubeba sampuli nyumbani na kuwaita watu. Chukua boksi la kutunzia baridi, weka kilo 3 za barafu iliyopondwa na kilo 1 ya chumvi. Ya Uvinza inafaa sana. Mchanganyiko huo hushuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, mradi maji ya chumvi yasiingie kwenye makopo: yafunge kwa mifuko miwili. Boksi lisiwe lile lililobebea samaki. Bodaboda moja kwa moja hadi nyumbani, hakuna kupitia sokoni. Koni ya mashine usiisumbue kwa safari. Ihukumiwe pale pale.

Ziweke zote kwenye friza moja usiku kucha, na zitoe dakika 5 hadi 10 kabla ya kuonja, kusudi baridi yake ilingane. Vikombe viandike kwa namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio. Ukiandika A na B, au 1 na 2, watu huelekea kuipendelea ya kwanza.

Maduka mawili yakikaribiana, mpe kila mtu vikombe vitatu, viwili vya duka moja na kimoja cha jingine, ataje kisichofanana. Kwa kubahatisha tu, mmoja kati ya watatu hupatia. Ukiwa na watu sita, usikubali kuwa kuna tofauti mpaka watano wapatie. Wasipofika, chagua duka lililo karibu na kwako.

Kujumlisha

Katika alama 100, tenga 40 kwa ulaini na utunzaji, 30 kwa ladha, 20 kwa bei ya gramu 100, na 10 kwa koni na huduma. Koni ivunje kwa vidole: ikitoa mlio ni kavu, ikipinda imeshika unyevu, jambo la kawaida karibu na ziwa pakiti zikiachwa wazi. Kwenye ulaini usitafute wastani wa ziara tatu. Andika alama ya siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa huwezi kujua utakapompeleka mwanao itakuwa siku gani. Kwenye ladha na bei, wastani unafaa.

Karatasi yako iwe na tarehe, saa, hali ya umeme wa siku hiyo na aina ya aiskrimu. Duka likibadili mashine, fundi au unga, futa alama zake uanze upya. Mvua za masika zikianza, rudia angalau kipimo cha koni na cha friza.